Sasisha Simu Kabla ya Msimu: Mwongozo kwa Watumiaji wa Simu Janja wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na kuanzia hapo simu ya mkulima wa Tandahimba, Newala, Masasi au Ruangwa hubeba mambo mazito: ujumbe wa benki unaoarifu kwamba malipo yameingia, bei za mnada zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, salio la pesa kwenye laini, na mazungumzo na ndugu wanaosubiri ada ya shule au fedha za kuezekea nyumba. Mkulima wa ufuta wa Lindi na Kilwa huyapitia hayo hayo miezi michache kabla. Mtu akifanikiwa kuiingilia simu hiyo kwa siri, jasho la mwaka mzima linaweza kuondoka kwa dakika chache.

Mwongozo huu unahusu kinga moja ambayo wengi wetu tunaiahirisha kwa sababu inakula bando na muda, nayo ni kusasisha programu za simu. Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa kwa nini salfa hupulizwa kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujashika maua. Sasisho la usalama hufuata mantiki hiyo hiyo: huziba mwanya kabla haujatumiwa, na likicheleweshwa hadi baada ya madhara halirudishi kilichokwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo nashauri kazi hii ifanywe kikamilifu Agosti au Septemba, wakati fedha hazijaanza kuingia na akili imetulia, kisha iendelezwe kidogo kidogo kila mwezi.

Mwanya huwa hatari zaidi baada ya kuzibwa kwa wengine

Programu za simu huandikwa na binadamu, kwa mamilioni ya mistari, na makosa hayakosekani. Mwezi Julai 2015 mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alitangaza udhaifu katika sehemu ya Android inayoshughulikia sauti na video, udhaifu ambao ulijulikana kwa jina la Stagefright. Ujumbe wa MMS uliobeba video iliyotengenezwa kwa hila ungeweza kuiingilia simu, pengine hata kabla mwenye simu hajaufungua, na simu zilizokadiriwa kuwa na udhaifu huo zilifika milioni 950. Ni baada ya tukio hilo ndipo Google, kuanzia Agosti mwaka huo, ilipoanza utaratibu wa kutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi.

Mfano wa pili unatugusa zaidi kwa sababu WhatsApp iko karibu katika kila simu janja ya kusini. Mwezi Mei 2019 ilibainika kwamba mshambuliaji angeweza kupandikiza programu ya upelelezi kwa kupiga tu simu ya WhatsApp, hata kama aliyepigiwa hakupokea. Kampuni hiyo iliziba mwanya na kuwataka watumiaji wake wote, ambao wakati huo walikuwa takribani bilioni 1.5, wasasishe programu. Waliolengwa katika shambulio lile walikuwa watu maalumu wapatao 1,400, na hakuna sababu ya mwananchi wa kawaida kuamini kwamba alikuwa miongoni mwao. Hata hivyo tukio lile linaonyesha jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua: upo uvamizi usiohitaji kosa lolote la mwenye simu. Hakubofya kiungo, hakutoa namba ya siri, hakupokea hata simu. Dhidi ya uvamizi wa namna hiyo tahadhari ya kawaida haitoshi, na kinachobaki ni sasisho.

Kuna hoja nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Marekebisho yanapotolewa, maelezo ya makosa yaliyorekebishwa hutangazwa hadharani, na mtu mwenye utaalamu anaweza kulinganisha programu ya zamani na mpya akaona mwanya ulikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo, simu ambayo haijasasishwa iko katika hatari kubwa kuliko ilivyokuwa awali, kwa kuwa mwanya uliokuwa ukijulikana na wachache sasa unajulikana na yeyote anayejua kusoma matangazo hayo. Anayebonyeza kitufe cha kuahirisha wiki baada ya wiki hajabaki pale alipokuwa; anazidi kurudi nyuma.

Fahamu kwanza simu yako imefikia wapi

Fungua Mipangilio, ile programu yenye alama ya gurudumu la meno, kisha shuka hadi sehemu ya Kuhusu simu. Kama simu yako iko kwa Kiingereza na hilo linakusumbua, badilisha lugha kuwa Kiswahili kabla ya kuendelea, kwa sababu ni hatari kukubali au kukataa jambo usilolielewa vizuri. Ndani ya sehemu hiyo tafuta vitu viwili: toleo la Android, ambalo huandikwa kwa namba kama 11, 13 au 15, na tarehe ya sasisho la usalama. Watengenezaji hupanga menyu zao kwa namna tofauti, hivyo usipoviona, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio na uandike neno "usalama" au "sasisho".

Kati ya vitu hivyo viwili, tarehe ndiyo yenye uzito. Watu wengi hujivunia namba ya toleo, lakini simu yenye Android 13 iliyopata marekebisho ya mwezi uliopita iko salama kuliko yenye Android 14 ambayo mtengenezaji wake ameisahau kwa mwaka mzima. Tarehe ikiwa ndani ya miezi mitatu iliyopita, uko pazuri. Ikizidi miezi sita, tafuta sasisho leo. Ikizidi mwaka na simu inasisitiza kwamba hakuna sasisho jipya, huenda simu yako imefikia mwisho wa kuhudumiwa, jambo ambalo nitalirudia mbele.

Simu za Android zina pia sasisho la tatu ambalo halifahamiki sana, yaani sasisho la mfumo la Google Play, lililoanza na Android 10 mwaka 2019. Hili hurekebisha baadhi ya sehemu za ndani za Android moja kwa moja kutoka Google bila kumsubiri mtengenezaji wa simu, na mara nyingi linapatikana katika sehemu ya Usalama na faragha. Uzuri wake ni kwamba hata simu ya bei nafuu ambayo mtengenezaji wake ana uzito wa kutoa marekebisho hufaidika nalo. Litafute, ulibonyeze, kisha zima simu na kuiwasha, kwa kuwa halianzi kufanya kazi mpaka simu iwashwe upya. Kwa wenye iPhone, njia ni Settings, kisha General, kisha Software Update, na hapo sasisho la mfumo na la usalama huja pamoja.

Bando, chaji na nafasi

Sasisho la usalama la mwezi linaweza kuwa la makumi ya MB au la mamia kadhaa, ilhali sasisho la toleo zima la Android linaweza kuzidi GB moja au mbili. Simu huonyesha ukubwa huo kabla ya kuanza kupakua, kwa hiyo usome kwanza na ulinganishe na bando lililobaki. Bando likiisha katikati hakuna kinachoharibika, kwa sababu simu husubiri na kuendelea baadaye, ila kama umewasha matumizi ya intaneti nje ya bando, vocha yako itaondoka bila kukuaga. Usiku wa manane na alfajiri mtandao huwa mwepesi, na kama kampuni yako ina bando la usiku la bei nafuu, hapo ndipo mahali pake.

Ukipata Wi-Fi ya ofisini, ya chuoni au ya hoteli pale Shangani mjini Mtwara au Lindi mjini, itumie bila woga kwa kazi hii. Masasisho rasmi hutiwa saini ya kidijitali na mtengenezaji, na simu huikagua saini hiyo kabla ya kusakinisha chochote, hivyo mwenye Wi-Fi hawezi kukubadilishia sasisho njiani. Jambo la kukataa ni ukurasa wa Wi-Fi unaokutaka upakue programu fulani au uandike namba ya siri ya pesa ili uruhusiwe kuingia. Kumbuka pia kwamba jirani akikurushia intaneti kutoka kwenye simu yake, simu yako itaiona kama Wi-Fi ya kawaida na inaweza kuanza kupakua mambo makubwa yenyewe, na bando linaloteketea ni la jirani. Mweleze kabla.

Wakazi wa vijiji vya kando ya Mto Ruvuma wana tahadhari yao ya pekee. Simu iliyo karibu na mpaka inaweza kushika mnara wa Msumbiji badala ya wa nyumbani, na gharama ya intaneti ya huko si ya bando lako. Kabla ya kupakua sasisho lolote, hakikisha umezima matumizi ya data nje ya nchi katika mipangilio ya laini, na utazame jina la mtandao linaloonekana juu ya kioo.

Chaji iwe angalau asilimia 50, na ikiwezekana simu iachwe kwenye umeme. Umeme ukikatika, betri itaendelea kuibeba. Nafasi ya kuhifadhi ndiyo huwakwamisha wengi, na mara nyingi anayeijaza ni WhatsApp, kwa video za harusi, mahubiri na vichekesho vinavyotumwa kwenye makundi kila siku. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, na futa kwanza video kubwa zilizosambazwa mara nyingi. Baada ya hapo weka nakala ya picha unazozithamini na ya namba za simu. Sasisho halitakiwi kufuta kitu, na kwa kawaida halifuti, lakini mtu mwenye picha za marehemu wazazi wake kwenye simu moja tu anapaswa kuwa na nakala mahali pengine, awe anasasisha au hasasishi.

Kusakinisha sasisho la mfumo

Rudi kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya Mfumo au ya Masasisho ya programu, kisha bonyeza kuangalia kama lipo sasisho. Likipatikana, soma maelezo yake mafupi, kubali kupakua, na baadaye kubali kusakinisha. Simu nyingi za sasa husakinisha sasisho zikiwa zinaendelea kutumika, katika sehemu ya pembeni ya hifadhi, kisha huomba kuwashwa upya, na kama kuna hitilafu hurejea kwenye mfumo wa awali zenyewe. Simu nyingine, hasa za zamani au za bei ya chini, hujizima na kuonyesha mstari unaosogea taratibu kwa dakika kadhaa. Wakati huo usiizime kwa nguvu, usitoe betri, na usimpe mtoto aichezee.

Siku ya kwanza baada ya sasisho kubwa simu inaweza kupata joto na kumaliza chaji haraka, kwa kuwa inapanga upya programu zake kwa ajili ya mfumo mpya. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya siku chache, izime na kuiwasha, kisha sasisha programu nyingine zote. Sasisho likikataa kabisa kuanza, kagua mambo matatu kabla ya kumkimbilia fundi: nafasi iliyobaki, tarehe na saa ya simu, na nguvu ya mtandao. Simu yenye tarehe isiyo sahihi hushindwa kuthibitisha vyeti vya usalama vya seva, na hivyo hukataa hata vitu halali. Washa chaguo la kuweka tarehe na saa kutoka kwenye mtandao, nalo mara nyingi hutatua.

Programu unazozitumia kila siku

Hapa ndipo naona pengo kubwa zaidi katika mikoa yetu, na halitokani na uzembe. Duka la Google Play, kwa kawaida yake, husasisha programu zenyewe pale tu simu inapounganishwa na Wi-Fi. Mpangilio huo una maana kwa mtu mwenye Wi-Fi nyumbani. Kwa mkazi wa Nanyumbu au Liwale ambaye intaneti yake yote ni bando la simu, maana yake ni kwamba programu zake zinaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa huku yeye akiamini kwamba zinajisasisha. Hakuna onyo linalomjulisha.

Fungua Duka la Google Play, bonyeza picha yako au herufi ya jina lako juu kulia, na uingie sehemu ya kudhibiti programu na kifaa. Utaona orodha ya programu zinazosubiri pamoja na ukubwa wa kila moja. Sikushauri ubonyeze kusasisha zote ikiwa bando ni dogo. Anza na zile ambazo udhaifu wake una madhara makubwa: kivinjari unachotumia, ambacho kwa wengi ni Chrome; Android System WebView, ambayo huwezi kuiona kwenye kioo lakini ndiyo inayoonyesha kurasa za intaneti ndani ya programu nyingine; WhatsApp; kisha programu ya benki na ya huduma ya pesa. Baada ya hizo fuata programu ya kusoma ujumbe na ya kuandikia, kwa kuwa kila neno la siri hupitia kwenye kibodi. Michezo na programu za kuhariri picha zinaweza kusubiri mwezi ujao, na zile ambazo hujazifungua tangu msimu uliopita ni bora kuziondoa kabisa, maana programu isiyokuwepo haihitaji kusasishwa.

Ukimaliza, ingia katika mipangilio ya Duka hilo hilo, sehemu ya mapendeleo ya mtandao, na uchague namna programu zitakavyosasishwa. Mwenye bando la mwezi lenye GB za kutosha anaweza kuruhusu mtandao wowote. Mwenye bando la siku au la wiki abaki kwenye Wi-Fi pekee, lakini ajiwekee siku maalumu ya kusasisha kwa mkono, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi.

Wapo wanaosema kwamba wao hutumia menyu za kupiga tu, kama *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money, na kwa hiyo sasisho haliwahusu. Ni kweli kwamba menyu hizo hupitia mtandao wa simu bila kuhitaji programu wala intaneti. Lakini ikiwa unazitumia kwenye simu janja, programu chafu iliyoingia humo inaweza kusoma ujumbe unaoonyesha salio na namba za uthibitisho, na ikipewa ruhusa ya ufikivu, ile iliyokusudiwa kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu, inaweza kuona kilichoandikwa kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba yako. Kwa hiyo sasisho linakuhusu. Asiyehusika ni yule mwenye kiswaswadu cha vitufe, ambaye kinga yake ni kuitunza namba ya siri na kutomkabidhi simu mtu asiyemwamini.

Masasisho ya uongo

Kadiri watu wanavyoambiwa wasasishe simu, ndivyo matapeli nao wanavyolitumia neno hilo. Mtu anapiga simu kwa sauti ya heshima, anamwita anayemlenga mama au mzee wangu, anajitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu, na anaeleza kwamba laini inatakiwa kusasishwa leo hii la sivyo itafungwa. Kisha anaomba namba ya siri, au anataka asomewe tarakimu zilizoingia kwa ujumbe, au anaelekeza kubonyeza menyu fulani hatua kwa hatua hadi pesa inaondoka. Waliozoea kuupuuza ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hunaswa na huu kwa sababu unakuja kwa sura ya kuwasaidia.

Sasisho la kweli la simu halihitaji mtu akupigie. Haliji kwa SMS wala kwa kiungo kilichorushwa kwenye kundi, na haliombi namba ya siri ya pesa kwa namna yoyote. Linapatikana ndani ya Mipangilio ya simu yako au ndani ya Duka la Google Play, na kwa iPhone ndani ya App Store. Ukipata simu ya namna hiyo, kata, kisha wewe mwenyewe piga 100 uulize huduma kwa wateja ya mtandao wako. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu. Inafaa pia kupiga *106# mara moja moja ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu laini usiyoitambua inaweza kutumika kuwatapeli wengine kwa jina lako.

Njia nyingine ya uongo hupitia kwa marafiki wasio na nia mbaya. Kwa kuwa bando ni ghali, vijana wamezoea kurushiana programu kutoka simu moja hadi nyingine kama faili za APK, yaani faili za kusakinishia programu za Android, na mwenye toleo jipya la WhatsApp humrushia mwenzake. Naelewa sababu, na siwalaumu, lakini faili iliyopita mikononi mwa watu kumi haina mdhamini. Android ina ulinzi mmoja unaofaa kuujua: programu ikisasishwa, toleo jipya lazima liwe na saini ya mtengenezaji yule yule wa toleo la zamani, la sivyo simu hukataa kulisakinisha juu yake. Kwa hiyo mtu akikuambia uondoe kwanza programu halisi ndipo hiyo yake ikubali, simama hapo hapo. Huenda unakaribia kukaribisha programu iliyochezewa.

Hili ndilo tatizo la matoleo ya WhatsApp yaliyobadilishwa, yanayopendwa kwa rangi zake na kwa kuonyesha ujumbe uliofutwa. Hayatoki katika kampuni ya WhatsApp, hayapati marekebisho yake ya usalama, na kampuni hiyo huwafungia kwa muda wanaoyatumia. Aliyeyatengeneza anaweza kuweka ndani yake anachotaka, na mazungumzo yako yote ya biashara yanapita kwake. Yaondoe, urudi kwenye WhatsApp ya Duka la Google Play. Kisha fungua Mipangilio, utafute sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, na uondoe ruhusa kwa kila programu iliyoorodheshwa humo, hasa kivinjari, WhatsApp na programu za kurushia faili. Mwisho ingia tena kwenye Duka la Google Play, bonyeza picha yako, uchague Play Protect, kikaguzi cha Google cha programu hatari, na uiruhusu ikague simu nzima.

Unaponunua simu, na inapokuwa kwa fundi

Usalama wa simu kwa miaka ijayo huamuliwa kwa sehemu kubwa siku ya kuinunua. Watengenezaji hutofautiana mno: Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikaahidi muda kama huo kwa Galaxy S24 mwaka 2024, lakini hizo ni simu za bei kubwa, na simu nyingi zinazouzwa kwa bei ya kawaida huhudumiwa kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo muulize muuzaji simu hiyo ilitoka mwaka gani na itasasishwa hadi lini, na kama hajui, usitosheke na namba ya kamera. Simu mpya ndani ya boksi inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita, na miaka hiyo imekwisha kuliwa.

Kwa simu iliyotumika, omba kuishika kabla ya kulipa. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama maelezo yanayorudi yanalingana na simu uliyoshika. Utaratibu huo uliwekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipokuwa ikijiandaa kuzima simu bandia Juni 2016. Tazama tarehe ya sasisho la usalama. Fungua mipangilio ya Duka la Google Play, sehemu ya Kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Simu bandia huweza kuandika toleo la Android la uongo kwenye kioo, na kutoidhinishwa huko mara nyingi ndiko kunakoifichua.

Mafundi wetu wanafanya kazi ngumu na wengi ni waaminifu. Hata hivyo simu inapopigwa flashi, mfumo wake wote hubadilishwa, na faili inayowekwa huenda imetoka popote. Muulize fundi faili ni ya nani na ni ya toleo gani, na simu ikirudi, angalia tarehe ya usalama na kama bado inapokea masasisho. Kama ni kioo tu kinachobadilishwa, hana haja ya kukufungulia benki. Toa laini yako uondoke nayo.

Simu isiyopata masasisho tena

Ipo siku mtengenezaji ataacha. Apple iliwahi kutoa sasisho la mfumo wa iPhone, iOS 12.5.7, mwezi Januari 2023 kwa ajili ya iPhone 5s, simu ya mwaka 2013, lakini huo ni muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Simu iliyoachwa haizimiki, wala haiwi mbaya kesho yake. Kivinjari na WhatsApp vitaendelea kusasishwa kwa muda, na ukiwa na Android 10 au zaidi, sasisho la mfumo la Google Play linaweza kuendelea kusaidia. Baadaye programu nazo huiacha: WhatsApp, kwa mfano, iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 mwanzoni mwa mwaka 2025.

Ushauri wangu kwa mtu asiyeweza kununua nyingine kwa sasa ni kutenganisha kazi. Laini yenye pesa na inayopokea ujumbe wa benki ihamie kwenye kiswaswadu, ambacho bei yake ni ndogo na chaji yake hudumu. Simu janja ya zamani ibaki na laini nyingine kwa ajili ya habari, redio na makundi ya WhatsApp, bila programu ya benki ndani yake, na Bluetooth yake izimwe isipotumika, kwa kuwa mwaka 2020 lilirekebishwa kosa katika Android 8 na 9 lililomwezesha aliye karibu kuiingilia simu kupitia Bluetooth peke yake, na simu iliyoachwa kabla ya hapo bado ina kosa hilo.

Ukiamua kuiuza au kumpa mtoto wa ndugu yako, usianze kwa kufuta kila kitu. Ondoa kwanza akaunti yako ya Google ndani ya Mipangilio, hamisha WhatsApp kwenye simu mpya, toa laini na memori kadi, ndipo uirejeshe simu katika hali ya kiwandani. Ukiruka hatua ya akaunti, simu itakapowashwa upya inaweza kumdai mpokeaji barua pepe na nywila yako, na kama ameshapanda basi kurudi Liwale, mtalazimika kusomeana nywila kwa simu, jambo ambalo hupaswi kulifanya hata kwa ndugu.